Mama wa Uyole anauliza: nimnunulie mwanangu gitaa gani la umeme?

SWALI: Mimi ni mama, naishi Uyole, Mbeya. Mwanangu wa kiume ana miaka 27, anafundisha sekondari Mafinga na anapiga gitaa kwenye kwaya ya kanisani. Gitaa analotumia ni la kanisa. Ibada ikiisha linafungiwa stoo. Msimu huu viazi vimenilipa, nimetenga laki tisa nimnunulie la kwake, naye hajui. Nilipoingia dukani, kijana wa pale akaniuliza nataka lenye hambaka au koili moja, lenye mkono au lisilo na mkono. Nikatoka. Kuna mtu mwingine ana gitaa na ampu, mtumba wa Japani, anauza vyote pamoja laki sita. Nichukue lipi? Mimi sijawahi hata kushika gitaa.

JIBU: Shikamoo mama, na hongera kwa msimu mzuri.

Kwa kifupi, usilipe popote kabla hujajua mwanao anapiga nini na kwa mkono gani. Ukishajua, tafuta gitaa la umbo la Stratocaster (mwili umekatwa pande zote mbili za shingo), lenye shingo iliyofungwa kwa skrubu, daraja, yaani pale nyuzi zinapokalia mwilini, lisilochezacheza, na nyuzi zilizolala karibu na ubao. Tenga hela ya fundi. Halafu kubaliana na duka, kwa maandishi, kwamba kijana anaweza kulirudisha akabadilishiwa. Sasa nieleze sababu, maana dukani watakubishia.

Kwamba hujawahi kushika gitaa lisikusumbue. Mmarekani aitwaye Leo Fender, ambaye kampuni yake ndiyo iliyotoa Telecaster mwanzoni mwa miaka ya 1950 na Stratocaster mwaka 1954, alikuwa fundi redio wa Fullerton, California. Hakuwa mpiga gitaa. Alichofanya ni kuwakaribisha wapigaji, kuwauliza wanachokikosa na kuwasikiliza. Nawe utafanya hivyohivyo, ila mpigaji wako ni mmoja na hatakiwi kujua.

Zawadi ya gitaa kwa mtoto mkubwa ina ugumu wake. Mtoto wa miaka 12 ukimpa gitaa lolote linaloshika sauti, atajifunzia hilo na mkono wake utakua nalo. Wako ana miaka 27. Mkono wake umeshazoea unene fulani wa shingo, sikio lake limeshazoea sauti fulani, na kwaya yake imeshampa kazi maalumu. Isitoshe, kijana aliyelelewa vizuri hatakwambia, “Mama, hili halinifai.” Atalipokea kwa mikono miwili, atalipiga mbele yako ufurahi, na Jumapili atakwenda kuomba funguo za stoo ya kanisa kama kawaida. Mimi natengeneza magitaa hapa Iringa mjini, na magitaa ya namna hiyo huletwa kwangu: mapya kabisa, plastiki ya kiwandani bado imebandikwa, mwenyewe anauliza kama naweza kumtafutia mnunuzi bila wazazi wake kujua. Huwa naumia, kwa sababu mara nyingi gitaa lenyewe halina ubaya wowote. Halikuwa lake tu.

Kwa hiyo anza kwa kwenda kumwona. Panda basi Jumamosi, basi lolote la kwenda Iringa au Dar litakushusha Mafinga, ulale kwake, na Jumapili mwende wote ibadani. Keti upande ambao wapigaji wanaonekana.

Hesabu nyuzi kwanza. Gitaa la solo na la ridhimu lina nyuzi sita. Lenye nyuzi nne au tano, nene, na shingo ndefu kupita mengine, ni besi, na besi ni chombo kingine chenye ampu yake. Kwetu tunasema tu “anapiga gitaa” bila kufafanua, na mzazi anaweza kuishi miaka mingi bila kujua kuwa mwanawe ni mpiga besi. Ukikuta ni besi, simamisha mpango wote, uniandikie upya.

Pili, tazama mkono unaobonyeza nyuzi shingoni. Kwa wengi ni wa kushoto, na wa kulia ndio unaocharaza. Kama kwa mwanao ni kinyume, angalia tena uzi mnene uko wapi. Ukiwa juu, karibu na uso wake, anatumia gitaa lililopangwa kwa mtu wa mashoto. Ukiwa chini, karibu na magoti, basi alijifunzia gitaa la kawaida akaligeuza, na huyo ukimletea la mashoto lililopangwa kiwandani utamvuruga kabisa. Piga picha, fundi yeyote ataielewa.

Tatu, angalia mkono huo unashinda wapi. Mpiga ridhimu hukaa karibu na kichwa cha gitaa, kwenye freti za mwanzo, yaani vile vyuma vilivyolala shingoni, akishika kodi za wimbo, noti kadhaa kwa pamoja. Mpiga solo hupanda juu, karibu na mwili wa gitaa, freti ya 12 na kuendelea, vidole vikikimbia kwenye nyuzi nyembamba. Huu ni mtindo wenye mizizi. Sikiliza alivyopiga Mbaraka Mwinshehe enzi za Morogoro Jazz, au rekodi za Tancut Almasi Orchestra ya hapa Iringa, bendi iliyokuwa ya kampuni ya kukata almasi: magitaa yanajibizana bila kukanyagana, ridhimu linashikilia chini, solo linaimba juu kwa sauti safi isiyokwaruza. Kwaya ninazozifahamu huku kwetu, za Moraviani, za KKKT na za Katoliki, bado zinapanga magitaa yao hivyohivyo, na mpiga solo mzuri anajulikana kanisa zima. Kama mwanao ni mmoja wao, mahitaji yake yameshajipambanua: sauti angavu, na mwili wa gitaa uliokatwa pembeni ili mkono ufike juu bila kujipinda.

Mwisho, piga picha ya gitaa lenyewe wakati halina mtu: kichwa chenye jina, sehemu ya katikati ya mwili, na nyuma pale shingo inapoungana na mwili. Kisha mwite pembeni mwenzake mmoja, mpiga ridhimu au mwalimu wa kwaya, umuulize maswali mawili tu: “Mwanangu analalamikia nini kwenye gitaa hili? Na kuna gitaa la mtu ambalo huwa analitamani?” Majibu hayo mawili yana thamani kuliko ushauri wa muuzaji yeyote, na kuliko wangu.

Sasa maswali ya yule kijana wa dukani. Alikuuliza vizuri, ila hakukueleza.

Katikati ya mwili, chini ya nyuzi, utaona vipande virefu vimepangwa. Hizo ni pikapu. Ndani ya kila moja kuna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, mizunguko maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo sana unazaliwa kwenye ule waya, unapita kwenye keboli, na ampu inaukuza. Ndiyo maana nyuzi za gitaa la umeme lazima ziwe za chuma. Zile za nailoni za gitaa kavu hata ukizifunga hazitatoa kitu kwenye ampu.

Pikapu ya koili moja, nyembamba, hutoa sauti angavu inayopenya katikati ya waimbaji 30 na kinanda. Kasoro yake ni kudaka mvumo wa umeme: ukumbini kwenye taa za tyubu na nyaya zilizopitishwa ovyo utasikia ngurumo ndogo isiyokoma pale mpigaji anapotulia. Hambaka ni koili mbili zilizowekwa pamoja, zimesukwa kwa namna ambayo mvumo wa moja unafuta wa nyingine. Ilibuniwa na Seth Lover wa Gibson katikati ya miaka ya 1950, na kampuni hiyo ikaanza kuifunga kwenye magitaa yake mwaka 1957. Sauti yake ni nene, ina joto, na inafaa kwa wanaopenda kukwaruza sauti kwa efekti, vifaa vya kubadili sauti. Kwa solo la kwaya naona hambaka peke yake hulizamisha gitaa, linapotelea kwenye kinanda.

Chaguo langu kwa mwanao ni gitaa lenye pikapu mbili za koili moja, na hambaka moja nyuma karibu na daraja. Wauzaji huandika mpangilio huo kwa herufi HSS. Swichi moja tu inambadilishia sauti, na akitaka kupiga muziki mwingine nje ya kwaya hatahitaji gitaa la pili. Yamaha Pacifica 112 ni mfano mzuri, na huipendekeza bila wasiwasi, iwe mpya au iliyotumika. Squier, ambayo ni ya Fender, nayo ina matoleo yenye mpangilio huo. Ila ukiona gitaa analotumia sasa lina pikapu tatu za koili moja na wenzake wakakwambia analipenda, mletee la namna hiyohiyo, usimbadilishie.

Kuhusu mkono. Magitaa mengine yana fimbo ya chuma kwenye daraja, mpigaji akiibonyeza sauti inayumba. Daraja la aina hiyo hushikiliwa nyuma na springi zinazopambana na mvuto wa nyuzi. Baya kuliko yote kwa kazi ya kwaya ni lile linaloelea lenye vifungo vya kufungia nyuzi: uzi mmoja ukikatika katikati ya wimbo, springi zinavuta, na nyuzi tano zilizobaki zote zinatoka kwenye sauti. Kwenye tamasha hilo ni janga. Daraja lisilo na mkono ni salama zaidi. Lenye mkono wa kawaida, kama la Stratocaster, halina neno, kwa sharti kwamba fundi akaze springi mpaka daraja likae limelala juu ya mbao.

Nimekwambia shingo iliyofungwa kwa skrubu, na hapa wapo wapigaji watakaonipinga. Magitaa ya nasaba ya Fender yana shingo iliyofungwa mwilini kwa skrubu, kwa kawaida nne, utaziona nyuma. Ya nasaba ya Gibson, kama Les Paul iliyotoka mwaka 1952, shingo yake imegandishwa kwa gundi na kichwa chake kimeinama kurudi nyuma. Ni magitaa mazuri, yana sauti inayodumu. Lakini pale kichwa kinapoanza kuinama mbao ni nyembamba na nyuzinyuzi zake zimekatwa kwa mshazari, na gitaa likianguka kifudifudi au chali, hapo ndipo linapovunjika. Mwanao atalibeba mgongoni kwenye bodaboda, atalipandisha kwenye Noah iliyojaa waimbaji kwenda mialiko Makambako na Njombe, ataliegemeza kwenye ukuta wa kanisa watoto wakikimbia. Kwa maisha hayo nataka gitaa ambalo shingo ikiharibika inafunguliwa kwa bisibisi na kubadilishwa bila kumtafuta fundi wa Dar es Salaam. Jambo dogo la kuongeza: uzi wa nasaba ya Fender una urefu wa karibu milimita 648 kutoka juu mpaka darajani, wa Gibson karibu 628, kwa hiyo nyuzi za Gibson huwa laini kidogo vidoleni. Kama mwanao ana vidole vifupi na sasa anatumia la Gibson, lizingatie hilo.

Dukani, hata kama hupigi, unaweza kulikagua gitaa mwenyewe. Nenda na kadi zako mbili, ya benki na ya NIDA au bima. Kadi ya benki ina unene wa karibu robo tatu ya milimita. Mbili zikishikanishwa ni milimita moja na nusu. Hesabu vyuma vya shingoni kuanzia upande wa kichwa mpaka cha 12, ambacho kwa kawaida kina nukta mbili kando yake. Penyeza kadi mbili kati ya chuma hicho na uzi mwembamba kabisa. Zikipita zikiugusa kwa mbali, gitaa limekaa vizuri. Kadi tatu zikipita bila kugusa, nyuzi ziko juu mno. Vidole vitauma na sauti itapotoka kila akibonyeza. Usilikatae papo hapo. Mwambie muuzaji ashushe viskrubu vidogo vya darajani mbele yako. Kama vimeshafika chini kabisa na uzi bado uko juu, basi shingo imepinda au imekaa vibaya. Hilo liache, hata ukipunguziwa bei.

Pitisha kiganja chako pembeni mwa shingo, juu mpaka chini, pande zote mbili. Ncha za freti zisikukwaruze. Kisha pakua kwenye simu programu ya kutyuni gitaa, zipo za bure. Muuzaji atyuni, apige uzi ukiwa wazi, halafu abonyeze freti ya 12 apige tena. Freti hiyo iko nusu ya urefu wa uzi, kwa hiyo noti lazima iwe ileile, oktava moja juu. Simu ionyeshe herufi ileile na mshale uwe katikati. Mshale ukikimbia pembeni, daraja linahitaji kurekebishwa, na kama muuzaji hajui la kufanya ujue fundi wako atakuwa na kazi. Mwambie pia apige kila uzi kwenye kila freti polepole, hata akikunja uso. Unasikiliza mlio wa bati, ule wa uzi kugonga chuma cha mbele. Zungusha vitufe vyote gitaa likiwa kwenye ampu na uchezeshe keboli pale inapoingia. Mkwaruzo ni vumbi, huondoka kwa dawa ya kusafishia, lakini sauti ikikatika kuna waya umelegea.

Mtumba wa Japani unahitaji maelezo yake, kwa sababu gitaa na ampu ni mambo mawili tofauti. Gitaa lenyewe halichomekwi ukutani. Umeme wake ni ule unaozaliwa kwenye pikapu. Machache yenye pikapu za kuongezwa nguvu hutumia betri ndogo ya volti 9. Kwa hiyo gitaa lililotoka Japani litafanya kazi Mbeya sawasawa na lilivyofanya Osaka, na magitaa yaliyotengenezwa Japani nayaheshimu sana. Kwa la mtumba angalia vyuma vya freti chini ya nyuzi nyembamba: kama vimechimbika mifereji inayoonekana wazi, kubadilisha freti zote ni kazi ya siku nyingi na itakula hela yako.

Ampu ni hatari. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230. Ampu ya kule ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya TANESCO inapata zaidi ya mara mbili ya inachostahimili, na mara nyingi inakufa palepale kwa moshi. Igeuze usome kibandiko cha nyuma. Ukiona AC 100V pekee, inahitaji transfoma ya kushusha umeme kila inapowashwa, na siku moja mtu asiyejua, mwanakwaya mwenye haraka, ataichomeka bila transfoma. Ya Marekani ni hivyohivyo, wao ni volti 120. Mwambie huyo bwana akuuzie gitaa peke yake baada ya kulikagua kwa kadi zako. Akikataa kutenganisha, mwache aende.

Hela yako basi. Laki tisa inatosha, ila usiimalize yote kwenye gitaa, hata ukionyeshwa zuri la bei hiyo. Weka laki tano, tano na nusu mwisho, kwa gitaa. Laki mbili kwa ampu ndogo mpya ya volti 230. Kwa chumba cha mwalimu, wati 10 mpaka 20 zinatosha na kubaki, mradi iwe na tundu la hedifoni, kwa sababu atafanya mazoezi usiku akishasahihisha madaftari na ukuta wa jirani uko palepale. Kama umeme unakatika sana mtaani kwake, tafuta inayotumia pia betri. Kinachobaki ni cha begi lenye sponji nene, keboli nzuri, mkanda, seti mbili za nyuzi na fundi. Usipuuze keboli: mbovu itamwaibisha mbele ya usharika na lawama litabeba gitaa. Kwa nyuzi, zipo za namba 9 na namba 10, yaani unene wa uzi mwembamba kwa sehemu za elfu za inchi; uliza anatumia zipi sasa. Maboksi yenye kila kitu ndani, gitaa, ampu na keboli pamoja, ni ya wanaoanza. Mwanao alishavuka huko.

Ukiona jina Gibson kwa bei ya laki nne, ni bandia. Gibson za umeme huandikwa kuwa zimetengenezwa Marekani na bei yake ni ya mbali; kampuni hiyohiyo inamiliki Epiphone, ambazo ni za bei nafuu na ni halali. Alama moja ambayo hata asiyepiga anaweza kuitazama: kichwani, mwanzo wa shingo, kuna kifuniko kidogo cha plastiki. Kwenye Gibson za kawaida kimeshikwa kwa skrubu mbili. Bandia nyingi huweka tatu. Bandia ya Fender ni ngumu zaidi kuitambua, kwa hiyo usilipie jina. Gitaa lisilo na jina kubwa ambalo nyuzi zake zimepita mtihani wa kadi nitalichukua mbele ya Fender ya kutilia shaka.

Hali ya hewa ya huku juu nayo ina neno. Magitaa mengi yanatufikia kupitia Kariakoo, yamekaa kwenye unyevu wa pwani. Yakipandishwa Mbeya au Mafinga wakati wa kiangazi, hewa ikiwa kavu na baridi ya Juni na Julai imeingia, mbao inapoteza maji na kusinyaa. Chuma hakisinyai, kwa hiyo ncha za freti zinachomoza pembeni, na shingo inasogea kidogo. Gitaa lililokuwa laini siku ya kununua linaweza kuanza kukwaruza mkono baada ya wiki mbili tatu. Si ubovu wa gitaa wala wa muuzaji. Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma inayorekebishwa kwa alenki, na ncha hupigwa tupa nyembamba. Ni kazi ya mchana mmoja kwa fundi anayeijua. Ndiyo maana nasema hela ya fundi itumike baada ya gitaa kukaa Mafinga kama wiki tatu, si siku ya kununua. Umkataze mwanao kulikaza ile fimbo mwenyewe kwa kufuata video. Ikikatika, shingo imekwisha. Na lisiwekwe karibu na jiko la mkaa wala kuachwa kwenye gari lililofungwa juani.

Kwenye basi lisiingie buti. Likatie nafasi mapajani au juu pale mizigo midogo inapokaa, kichwa kikielekea mahali pasipobanwa na sanduku la mtu.

Limebaki suala la kumshtukiza. Najua unalitaka sana, na ni haki yako. Nakushauri mshtuko uwe wa zawadi, uamuzi wa mwisho uwe wake. Nunua duka linalotoa risiti ya EFD, na kabla ya kutoa hela mwombe muuzaji aandike nyuma ya nakala yako, au kwenye karatasi yenye mhuri, kwamba gitaa likirudi bila mchubuko ndani ya siku 14 atabadilishiwa jingine la bei hiyo au aongeze. Wengi watakubali, mteja wa laki tano hawamtaki aondoke. Anayekataa kabisa, nenda duka linalofuata. Siku ya kumpa, mpe gitaa na ile karatasi pamoja, umwambie kwa kinywa chako mwenyewe: “Mwanangu, nimekuchagulia kadiri nilivyojua. Ukiona la aina nyingine ndilo linalokufaa, rudi dukani ubadilishe, nami nitafurahi vilevile.” Bila maneno hayo kutoka kwako hatathubutu kulirudisha, hata karatasi ikisema siku 100. Hesabu hizo siku 14 zianze siku atakayolipokea, si siku uliyolipa, na uhakikishe muuzaji ameiandika tarehe hiyo.